Mchezaji wa Upande wa Pili wa Ukuta

Wapendwa, kaeni vizuri. Leo sina haraka, na ile harufu ya pilau inayotoka jikoni kwa akina mama mtaivumilia mpaka nimalize.

Jumatano iliyopita mzee mmoja wa kanisa hili, simtaji jina, na tafadhali msigeuze shingo kumtafuta, alikuja ofisini kwangu na uso mzito. Akakataa chai, kwa hiyo nikajua mambo ni makubwa. Akaniambia, "Mchungaji, kuna jambo linanisumbua tangu ile miezi ya kufungiwa. Watu wa Mungu walikuwa wakicheza. Ugonjwa uko mlangoni, na Mkristo mzima amekaa anacheza drafti kwa vizibo vya soda. Mbona mpaka leo hatujaungama?"

Nikaona aibu kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe miezi ile nilijifunza kufuma. Ndiyo, chekeni. Mama Mchungaji ndiye aliyenifundisha kushika sindano. Nilifuma soksi moja kwa wiki tano, na haiingii mguu wa mtu yeyote nyumbani kwetu. Na nyinyi je? Nani hapa hakujitafutia kitu cha kushughulisha mikono? Namwona dada mmoja hapo nyuma aliyefuma vitambaa mpaka redio, jagi na mtungi wa gesi vyote vikavishwa. Kuna kaka mmoja wa kwaya alijifunza gitaa, na majirani zake hawajawahi kuomba kwa bidii vile. Basi mzee nikamwambia, njoo Jumapili, nitakujibu mbele ya watu.

Jibu langu ni hadithi. Nimeitunga mwenyewe, kwa hiyo msiende mitaani kuwatafuta wenyewe.

Palikuwa na fundi baiskeli mmoja katika mji wa kando ya barabara kuu. Umri wake ulikuwa unakaribia sitini, mjane, watoto wake wote walishaolewa na kuoa mbali. Nyumba yake ilikuwa imeshikana na nyumba ya dereva mmoja wa malori, ukuta mmoja wa udongo katikati, ule ukuta ambao jirani akikohoa unamwambia pole. Lakini hawa wawili hawakuambiana pole, kwa sababu walikuwa hawasemezani, na mwaka huo ulikuwa wa nne.

Kisa chenyewe? Mke wa fundi alipofariki, mtaa mzima ulikuja kuzika. Walikuja hata watu waliomdai na aliowadai, wakakaa mkekani naye siku tatu. Dereva hakuja. Nyumba iliyoshikana na yake, mlango uko hatua sita, na mtu hakuja kumpa mkono. Nyinyi mnajua kwetu msiba ni nini. Mtu anaweza kukunyima harusi yake ukasamehe, lakini asipokuja kukuzika mtu wako, hapo umeguswa pabaya. Fundi akaapa kwamba kuanzia siku ile yule si jirani tena. Na walipata ufundi wa kukwepana, wapendwa. Kabla ya kutoka, kila mmoja alichungulia kwanza kama mwenzake yuko nje. Miaka minne walipishana hivyo, na kutoonana kukawa jambo la kawaida kwao.

Sasa fundi alikuwa na pumziko moja duniani, nalo lilikuwa bao. Kila jioni akifunga kibanda chake alikwenda barazani kwa wenzake, wanacheza, wanatukanana kwa upendo, kahawa inapita. Alikuwa bingwa, na alijijua. Na alikuwa na maneno yake aliyopenda kuyarudia pale barazani, kwamba bao ni akili ya mwanamume, mwanamke akili yake inakwenda sokoni. Wenzake walicheka. Akina mama walioleta kahawa waliweka vikombe chini wakaenda zao.

Halafu ukaja ule ugonjwa. Barabara zikafungwa, mtu wa mji huu asiende ule, watu wasikusanyike. Kibanda cha baiskeli kikafungwa, baraza ikafungwa, fundi akajikuta yuko ndani na kuta nne. Wiki ya kwanza alifagia nyumba mara tatu kwa siku. Wiki ya pili hakufagia hata mara moja. Akaacha kupika, kwa sababu kumpikia mtu mmoja ni kazi ya kuhuzunisha, na waliofiwa mnanielewa. Binti yake akipiga simu kumuuliza, "Baba, umekula?" anajibu, "Nimekula, mama, wali na samaki." Kumbe amekunywa chai bila sukari, akalala. Nguo zikaanza kumpwaya. Asubuhi moja akaketi kitandani akaona hakuna sababu ya kuvaa shati, na siku hiyo hakulivaa. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu si wote waliozikwa miezi ile walikuwa na homa. Kuna watu wanakufa kwa kukosa wa kumwambia habari za asubuhi, na huyu alikuwa ameshaianza njia hiyo.

Siku moja, kwa kuchoka kutazama dari, akashusha bao lake kutoka juu ya kabati. Akalifuta vumbi, akapanga kete, akaanza kucheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya mkono wa kushoto. Na kama mnavyojua, mtu akiwa peke yake huanza kusema peke yake. "Nakwenda shimo la tatu, kulia. Nakula. Wewe je? Wewe unajibu na la sita, kushoto." Kete zinaanguka mashimoni, yeye anasema, siku nzima. Siku ya nne akakwama. Upande wa mkono wa kushoto ulikuwa umebanwa, akautazama mpaka chai ikapoa. "Hapa hakuna njia," akasema kwa sauti. "Hapa umekufa, bwana."

Ukutani pakagongwa.

Ngo, ngo, ngo, ngo, ngo. Mara tano, kwa kidole. Halafu kitu kama kucha kikakwaruza udongo mara moja.

Fundi akatazama ukuta, akatazama bao. Akahesabu shimo la tano. Akajaribu kulia. Kete zikazunguka, zikala, zikazunguka tena, zikala tena, na ule upande uliokufa ukafufuka ukashinda.

Mnafikiri alifurahi? Alikasirika vibaya. "Huyu," akasema moyoni, "hakuja kumzika mke wangu, sasa anakuja kunifundisha bao." Akafunika bao kwa shuka. Lakini kesho yake, saa mbili asubuhi, alikuwa amevaa shati. Akaupanga mchezo mpya, akaketi karibu na ukuta, akasema kwa sauti kubwa kidogo kuliko ya mtu anayejisemea, "Mtu anayejiona hodari aanze yeye."

Na kule upande wa pili pakagongwa.

Ndivyo ulivyoanza mchezo ule. Fundi alitaja kete zake kwa mdomo, mwenzake alijibu kwa kugonga. Kidole kilikuwa safu ya mbele, ngumi ilikuwa safu ya nyuma, ukwaruzo mmoja kulia, miwili kushoto. Neno hata moja halikutoka kule. Fundi akaelewa sababu. "Kiburi hicho," akajiambia. "Ameapa kutonisemesha, na sawa, mimi nazungumza na bao langu."

Siku ya kwanza alifungwa mara tatu. Bingwa wa baraza. Siku ya pili akafungwa mara mbili, akashinda moja, na kwa ile moja akapika ugali akala wote. Kufika wiki ya pili alikuwa ananyoa ndevu kabla ya kucheza. Binti akapiga simu, "Baba, umekula?" Akajibu, "Mama, nitakupigia, nimeshikwa nyumba hapa." Binti akafikiri baba yake ana tatizo la nyumba, kaka zake wakaanza kupigiana simu. Mpaka alipowaeleza kwamba nyumba ni lile shimo kubwa la bao, walikuwa wameshaitisha kikao cha familia.

Wakati mwingine alitoka uani kuanika nguo, na upande wa pili wa ua alimwona mama mzazi wa dereva, bibi wa miaka themanini na kitu, aliyekuja kumtembelea mwanawe kabla ya barabara kufungwa. Yeye hakuwa na ugomvi na bibi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Nimeamka, mama. Hebu mwambie huyo mwanao, jana alibahatisha. Leo namkamata."

"Nitamwambia," bibi akasema, akaendelea kuanika leso zake.

Kesho yake tena. "Mama, mwambie ile ya jana ya kuacha nyumba yake wazi ili mimi niingie, ule ni ujanja wa hali ya juu. Mwambie nimesema hivyo."

"Nitamwambia, baba."

Na bibi aliingia ndani akijifuta mdomo kwa ncha ya leso.

Polepole, wapendwa, jambo likaanza kutokea ndani ya yule fundi. Kwanza alimheshimu mchezaji. Hakuwa mtu wa pupa yule. Akishinda alinyamaza, hakugonga kwa majivuno. Fundi akiwa mzito asubuhi, mchezaji alimngojea, hakumharakisha. Siku ya kumbukumbu ya mkewe, fundi alisema ukutani, "Leo sichezi, leo ni siku yake." Upande wa pili hawakugonga kutwa, ila jioni kiganja kilisikika kikiuparaza ukuta taratibu, mara moja tu. Fundi alilia kwa sauti. Akasema, "Nimekuwa nikimsingizia mtu huyu roho ngumu. Mtu mwenye roho ngumu hagusi ukuta hivi."

Miaka minne ya chuki, na ilianza kuyeyuka hivyo, kete kwa kete. Sasa mzee wangu wa kanisa, unanisikia? Mtu huyu alikuwa ameombewa. Mchungaji wake alikwenda kumwona mara sita juu ya ugomvi ule, mara sita akamwahidi kusamehe, mara sita akarudi palepale. Bao lilimfikisha.

Siku ya arobaini na mbili ya mchezo ule redio ikatangaza barabara zimefunguliwa. Fundi akatoka mbio uani. "Mama, mwambie mwanao kesho nakuja kwake uso kwa uso. Nimechoka kuzungumza na udongo."

Bibi akaning'iniza leso yake kwenye kamba. "Mpe siku tatu," akasema.

"Tatu za nini, mama, na mtu yuko ndani?"

"Wewe mpe siku tatu."

Akampa. Siku ya tatu asubuhi alipika wali wa nazi, akachemsha kuku mzima, akavaa kanzu yake ya sikukuu. Akasikia mlango wa jirani ukifunguliwa na sauti ya dereva ndani, sauti aliyokuwa hajaisikia muda mrefu. Akabeba sinia lake, akatembea zile hatua sita, akaweka sinia chini, na dereva alipojitokeza mlangoni akamkumbatia kwa nguvu zote.

"Ndugu yangu," akasema, machozi yanamtoka, "umenishinda. Umenifunga mara themanini na moja, na kila moja umeniongezea siku za kuishi. Yaliyopita nimeyafuta, na wewe nisamehe kununa kwangu."

Dereva alisimama amekakamaa. Begi lilikuwa bado begani, viatu vina vumbi la safari.

"Mzee," akasema, "uko salama kweli? Mimi nimekufunga wapi?"

"Kwenye bao. Siku hizi zote."

"Bao mimi sijui hata kete zinashikwaje. Na siku zote hizi sikuwepo. Tulikwenda mimi na mke wangu kwa wakwe zangu siku mbili, barabara zikafungwa nyuma yetu. Ndiyo kwanza nafika sasa hivi, nakuta panya wameichimba sakafu yangu yote."

Fundi akachungulia ndani. Sakafu ya udongo, kando ya ukuta, ilikuwa na mashimo thelathini na mawili, safu nne, yamechongwa kwa kijiko yakalainishwa kwa mkono, na ndani yake mbaazi zimepangwa vizuri. Kando ya mashimo ameketi bibi wa miaka themanini na kitu, anachambua mchele, hainui macho.

"Msiyafukie," akasema bibi. "Mchezo wa jana haujaisha, na zamu ni yake."

Fundi akakaa pale pale kizingitini. Siku arobaini na mbili alikuwa akizitazama nguo kwenye kamba ya jirani, na hakuona shati hata moja, na hakujiuliza. "Mama," akasema, "ni wewe? Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungefunga bao."

Akakubali kwa kichwa, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Na salamu zote nilizokutuma?"

"Nilisema nitamwambia. Si huyu ndiye anaingia? Ningemwambia lini?" Kisha bibi akaweka ungo chini. "Baba, nisikusingizie jambo. Mimi sikukaa pale kukupatanisha na mtu. Nilitaka kucheza. Tangu nikiwa mwali napelekea kahawa wanaume wanaocheza bao. Baba yangu, kaka zangu, mume wangu. Nilisimama na birika, naona kete wasiyoiona wao, naweka vikombe, narudi jikoni. Mwaka huu Mungu akanipa ukuta."

Fundi alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, dereva naye akaanza, bila kujua sawasawa anacheka nini. Walipotulia, dereva akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, na lile la msiba. Mimi nilikuwa mpakani, lori limezuiwa siku kumi na moja. Habari nilizipata nikirudi. Nilikukuta dukani nikakunyoshea mkono nikupe pole, ukanigeuzia mgongo. Nikasema basi, hunitaki."

Fundi alikumbuka ule mkono. Aliuona siku ile, na alifikiri umenyoshwa kwa dharau.

Sasa nisikilizeni, wapendwa, maana hapa ndipo nilipokuwa nawapeleka.

Kwa siku arobaini na mbili fundi alimpenda dereva ambaye hakuwepo. Tunamcheka, na tucheke. Lakini yule dereva aliyemchukia miaka minne, yule aliyejifungia ndani kwa makusudi wakati jeneza linatoka, huyo naye alikuwepo wapi? Hakuwepo. Dereva wa kweli alikuwa amekaa chini ya lori mpakani, hana habari. Fundi alimtunga mtu mbaya, akamweka nyuma ya ukuta, akamchukia. Kisha akamtunga mtu mwema, akamweka nyuma ya ukuta ule ule, akampenda. Aliyemchukia alimnyima usingizi miaka minne. Aliyempenda alimrudisha kwenye chakula. Na alipokwenda na sinia la wali kwa yule wa kutunga, nani alifungua mlango? Jirani wa kweli.

Na sisi je? Sisi tuliomo humu ndani? Kuna mtu ambaye tangu Krismasi unakwepa kukaa karibu naye, na unamjua vizuri kwa sababu umemtengeneza mwenyewe kichwani, usiku kwa usiku. Umemvisha maneno ambayo hajasema. Naweza kukwambia bila kumjua kwamba huyo mtu hayupo. Aliyepo ni mwingine, ana vumbi la safari zake, na pengine alishawahi kukunyoshea mkono.

Na lingine, hili ni letu akina baba. Bingwa alifungwa mara themanini na moja na mikono ambayo barazani ilimletea kahawa. Ni wangapi tumewasimamisha na birika, katika nyumba zetu na katika kanisa hili, na wao wanaiona kete tusiyoiona? Akina mama, msipige makofi, bado nahubiri.

Mzee wangu, uliniuliza kama tutaungama kwa kucheza. Nimefikiri tangu Jumatano. Mungu anaingia kwa sala, nalihubiri hilo kila wiki na sitaacha. Lakini ile miezi, wengine wetu mlango wa sala ulikuwa umejaa woga hata haufunguki, na yeye akaingia kwa soksi mbovu, kwa gitaa la kusumbua majirani, kwa mbaazi kwenye sakafu. Hakuona haya kuingia huko. Kwa hiyo mimi sitawaongoza kuungama furaha yenu. Nitawaongoza kuungama wale tuliowatunga tukawachukia, na hiyo ndiyo toba ngumu.

Tusimame. Kabla ya wimbo, kila mmoja atoke mahali pake amwendee yule aliyemkwepa akiingia asubuhi hii. Nawaona mnavyoangaliana, mnajuana. Mimi mwenyewe nashuka hapa madhabahuni sasa hivi. Kuna mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili, yuko hapo karibu na dirisha, na mimi na yeye tuna mwezi wa pili hatusalimiani, nami mpaka jana usiku nilikuwa na hakika kabisa kwamba yeye ndiye mwenye makosa.